Ombi la Kufa Katika Mchezo wa Lusangi

Ujiji, tarehe 9 Februari 2026. Ni miaka ishirini na saba na miezi minne tangu nilipofunga nyumba yangu ya Lusangi na kumkabidhi dada yangu ufunguo.

Kwa Bwana Iliasi,
Mwenyekiti na Mtunzi wa Kundi la Tamthilia,
Kasongo, Kongo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanafunzi wangu wa zamani,

Nakusalimu kwa heshima ya cheo chako, kisha nakusalimu mara ya pili kwa heshima ya cheo changu. Kabla hujawa mwenyekiti ulikuwa wa kumi na nne katika rejista ya darasa la sita, na rejista hiyo ninayo hapa. Ulikosa siku tisa muhula wa pili. Hatutazungumza habari hizo leo.

Mimi ni mzima. Nakuomba uishike sentensi hiyo, kwa sababu malalamiko yangu yote yanatoka humo.

Nimeuona mchezo wenu, Kurudi kwa Mwalimu. Rosine, mjukuu wa dada yangu Anastasie, aliurekodi kwa simu siku mlipouonyesha kwenye uwanja wa mpira wa Lusangi, akanitumia vipande kumi na kimoja. Jirani yangu hapa Ujiji aliniazima simu yake, na nilipoonekana kuhangaika, akaniazima na miwani yake. Nikaona mwalimu anafundisha, vita vinakuja, mwalimu anakimbia na mkewe kuelekea ziwani, anateseka ugenini, kisha katika kitendo cha mwisho anarudi nyumbani na watu wanaimba. Mwalimu huyo mmempa jina langu lote, Marcellin Sumaili, la kanisani na la babu.

Ninaandika kuomba, kwa adabu zote, kwamba msimu ujao mniue.

Najua ombi hili linaweza kukushtua ukiwa kwenye chai. Kwa hiyo nitakueleza sababu kwa utaratibu, nikianzia kwa Waingereza. Usiulize Waingereza wametafuta nini kwetu Kabambare. Maktaba ya parokia ya hapa ilipokea sanduku la vitabu vya msaada, na ndani yake mlikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada, kinachoeleza Waingereza wa miaka mia nne iliyopita. Hakuna aliyekitaka. Nimekisoma kwa misimu miwili ya mvua, nikiwa na kamusi pajani.

Watu wale, Iliasi, hawakuzaliwa wakiwa taifa. Mkulima wa kaskazini na mvuvi wa kusini hawakuelewana lugha, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mtu wa kuja. Aliyewaunganisha hakuwa mtoza kodi wala askari peke yake. Biblia ilitafsiriwa katika lugha yao, wakaisikia Jumapili moja nchi nzima kwa maneno yaleyale. Nyimbo zilichapwa kwenye karatasi mojamoja zikaimbwa sokoni na kubandikwa kwenye kuta za vilabu vya pombe. Wachoraji walichora ramani ya kila jimbo, watu wakaanza kujivunia vilima walivyokuwa wakivilalamikia. Zaidi ya yote, waigizaji walipanda jukwaani na kuwaonyesha wafalme wao waliokufa zamani. Mtengeneza ngozi alisimama saa mbili kwenye manyunyu akitazama vita ambavyo hata babu yake hakuvipigana, akatoka pale akisema, "Tuliwashinda." Neno lile "sisi" lilifinyangwa pale uwanjani kama tofali, likaanikwa, likajenga nchi.

Nawe umefanya hivyohivyo, na ninakiri umefanya vizuri. Katika kipande cha saba Rosine aligeuza simu kwa watazamaji. Niliona wachimbaji wa dhahabu waliotoka Salamabila na matope yao, waliozaliwa Bukavu na Shabunda, wamesimama na wakulima wa Lusangi ambao siku nyingine hawawapi hata maji. Kuna mama mmoja mfanyabiashara, Rosine anasema anaitwa Nsimire, alikuwa anajifuta machozi na kumwambia jirani yake: "Mwalimu wetu anarudi. Na mimi nilifika huku juzi tu, hata sijamujua." Yule aliyekuwa kando yake akamjibu, "Lia tu, mama. Hata siye hatukumujua sana."

Nilicheka. Ni heshima kuwa tofali la watu. Lakini tofali lina haki ya kusema linapobebeshwa ukuta mzima, na malalamiko yangu ni haya.

1. Ngoma. Katika kitendo cha pili ninavuka mto Luama nikiwa nimejitwisha ngoma ya kijiji, maji yakinifika kifuani, nikisema kwamba ngoma isipotee hata kama mimi nitapotea. Sijawahi kubeba ngoma. Nilibeba rejista ya darasa la sita na rula ya ubaoni ya mita moja. Mchele wa safari aliubeba mke wangu. Hadi anafariki alikuwa akiniuliza ile rula nilitegemea tuile na nini.

2. Mke wangu. Marehemu Véronique mmempa kijana mwenye ndevu. Najua wasichana walikataa mazoezi ya jioni kwa sababu ya wazazi, na najua kwamba hata kwa Waingereza wanawake wote wa jukwaani walikuwa wavulana. Lakini wale walinyolewa. Tena kijana wenu analia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Véronique hakulia Luama. Alicheka, kwa sababu niliteleza, nikaanguka, nikainuka nikiwa nimeinua rejista juu kama padri anayeinua kitabu cha Injili. Ukihitaji machozi, mpe mtu mwingine. Yeye mrudishie kicheko chake.

3. Koti. Waingereza walikuwa na sheria iliyosema nani avae hariri na nani avae sufu, ila waigizaji waliachiwa wavae nguo zilizochoka za wakubwa, na hivyo mtoto wa fundi viatu aliweza kuwa mfalme tangu mchana hadi jioni. Ninyi mmemvalisha mwigizaji wangu koti la chifu. Mimi Lusangi nilikuwa na mashati mawili. Halafu huyo mwigizaji, Joël, ambaye naambiwa ni dereva wa pikipiki na alizaliwa baada ya mimi kuondoka, anasema "mes enfants", yaani wanangu kwa Kifaransa, kila baada ya sentensi mbili, huku amefumba macho. Sikuwahi kuwaambia "mes enfants". Niliwaambia "kaeni chini". Wewe ni shahidi.

4. Kitenge. Hapa ndipo mzaha unapoanza kupungua. Unajua desturi ya upande wetu: mtu aliyepotea siku nyingi akirudi, wanawake wa nyumba yake wanavua vitenge vya juu na kuvitandika chini, apite juu yake hadi mlangoni. Na katika ukoo wetu kitenge kile hakifuliwi mpaka aliyerudi amekula ndani ya nyumba. Wewe katika maandishi yako uliweka kwamba mwalimu anapiga magoti na kubusu ardhi, jambo ambalo magoti yangu yasingelikubali, lakini tuliache. Joël alipotokea upande wa goli na koti la chifu, dada yangu Anastasie, mwenye miaka sabini na minne, alitoka katikati ya watu, akavua kitenge chake, akakitandika mbele yake. Wanawake wengine wakafuata. Kipande cha kumi kinaonyesha vizuri: Joël amesimama, mguu mmoja hewani, anakutazama wewe uliyejificha nyuma ya turubai. Nawe ukampungia mkono apite.

Akapita. Akakanyaga.

Usinielewe vibaya. Dada yangu hajapoteza akili. Rosine alijaribu kumweleza, na Anastasie akamjibu: "Mimi si kipofu. Ule ni Joël wa pikipiki, mutoto wa Alain. Lakini muguu yake ilikanyaga kitenge yangu kwa jina ya kaka. Basi kaka iko njiani." Nimeitafuta kasoro katika hoja hiyo tangu Novemba. Mimi niliyefundisha hesabu miaka ishirini na sita sijaiona.

5. Utawala wa Joël. Kitenge kikiwa hakijafuliwa, ilibidi mtu ale. Anastasie alichinja kuku na kumwita Joël. Joël akala, tena Rosine anasema alirudia. Baada ya hapo kila akipita na abiria, dada yangu anamwita kutoka barazani, "Mwalimu, unapita tu kama mugeni?" Naye anasimamisha pikipiki. Mwezi wa Desemba ndugu wawili majirani walikuwa wanagombania mpaka wa shamba la mpunga, dada yangu akawaambia wamngoje mwalimu. Joël akafika, akasikiliza akiwa hajazima injini, akatoa hukumu kwa maneno ya kitendo cha tatu: kwamba ardhi ni mama wa wote, mes enfants. Akaondoka na abiria wake. Sasa kila mmoja amelima shamba la mwenzake kwa kuwa mama ni wa wote, na mmoja ameniandikia mimi, hapa Ujiji, barua ya kurasa mbili inayoanza: "Mwalimu, sikutegemea kwamba wewe ungetuamua vibaya namna hii." Nimemjibu na kuomba radhi. Sikuona njia nyingine iliyo fupi.

6. Nyumba. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na mengine yote ungeweza kuyasoma ukicheka.

Nyumba yangu ya Lusangi ina vyumba vitatu. Anastasie ameitunza miaka yote hii. Anafagia kila Jumamosi, anapaka udongo kila baada ya mvua, na hakuna anayelala humo. Rosine, mumewe na watoto wao watatu wanaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko, paa linavuja upande wa kitanda cha watoto. Mtoto wa mwisho amekohoa tangu Oktoba. Mara nne nimemwandikia Anastasie: mpe Rosine nyumba, ni yake. Mwaka juzi alianza kulegea. Aliniambia kwa simu, "Nitafikiri." Kwa dada yangu hilo ni jambo kubwa. Kisha mkaja ninyi na kitendo cha mwisho. Sasa Rosine akigusia nyumba anajibiwa: "Na mwenye nyumba akirudi nitamulaza wapi? Juu ya pikipiki ya Joël?" Nikipiga simu na kusema mimi mwenyewe kwamba nyumba itolewe, ananiambia kwa upole kwamba niache kuhangaika, nifunge mizigo.

Unaona tulipofika, Mheshimiwa. Mimi niliye hai nikisema neno, halisikiki. Joël akivaa koti, neno lake linakata mashamba.

Baada ya kutafakari, nimerudi kwa Waingereza kutafuta dawa, na nimezikuta mbili. Kwanza, hawakuruhusu hovyo. Kulikuwa na afisa wa jumba la mfalme aliyesoma kila mchezo kabla haujapanda jukwaani, akachora mstari wa wino juu ya kila kitu cha hatari, na kumwigiza mtawala aliye hai kulikuwa ni kujitafutia gereza. Wafalme wao wa jukwaani walikuwa marehemu, na marehemu hana dada anayemfagilia. Mngekuwa na afisa kama huyo Kasongo, angekuuliza swali moja tu: huyu Marcellin amekufa? Nawe ungesema hapana, naye angesema basi subiri. Ningejitolea kuwa afisa huyo, lakini niko mbali na wino wangu ungefika umechelewa.

Pili, kuna habari ya mwanzilishi wao. Waliamini, na wakaichapa katika vitabu vyao, kwamba nchi yao ilianzishwa na mtu wa ukoo wa wakimbizi wa Troya, mji uliochomwa na adui, naye mwenyewe alifukuzwa alikozaliwa. Wasomi waliposema kwamba ushahidi haupo, watu walikasirika kana kwamba wamenyang'anywa babu. Walimpenda sana mkimbizi yule. Lakini angalia, Iliasi: katika hadithi yao hakurudi. Hakuna kitendo cha mwisho ambamo anatokea upande wa goli. Alikaa alikofika, na kule alikotoka walioponea walichukua vyumba vilivyobaki, wakalala.

Kwa hiyo ninachoomba si cha ajabu. Ninaomba tu niwekwe sawa na wakubwa wengine wa historia. Mniue, mnilie, mnizike, na kisha nyumba igawiwe, kama inavyofanyika kwa mtu yeyote mwenye adabu. Anastasie hajaniamini mimi wala Rosine, lakini ameuamini mchezo wenu. Basi mchezo ndio umwambie.

Kuhusu namna ya kufa, sitaki kuwapa shida. Nisife kwa risasi. Watu wa kwetu wameziona za kutosha, na mchezo usiwakumbushe bure. Nisiliwe na mamba wa ziwani, kwa sababu mtatengeneza mamba, na mamba ataiba mchezo. Napendekeza homa ya siku tatu, hapa Ujiji, kitandani, mchana. Nipewe sentensi moja tu, iwe fupi, na isiwe ya Kifaransa. Inaweza kuwa hii: "Anastasie, mpe Rosine nyumba." Mwigizaji aiseme akimtazama dada yangu, ambaye atakuwa mstari wa mbele. Kisha afe mara moja. Joël asiongeze kitu. Ninamfahamu sasa, atataka kuinuka na kusema jambo kuhusu ardhi.

Nawaomba pia nife katika kitendo cha tatu, nisingoje cha nne, ili watu wapate muda wa kulia kwa utaratibu, na wapate chakula kabla hawajarudi Salamabila. Wakiondoka na njaa watasema msiba wangu haukuwa na chakula.

Ukiona ombi hili ni zito kwako kama mwanafunzi wangu, fikiria kwamba umenifanyia mengi mazito zaidi: umenipa ngoma, umenipa ndevu za mke, umeniamulia mashamba. Kifo ni marekebisho madogo. Ni ukurasa mmoja.

Nisalimie wote wa kundi, pamoja na kijana wa ndevu, ambaye kwa kweli analia vizuri. Nisalimie sheikh wa mtaa wenu na masista wa shule, na yule aliyeshona turubai. Nisalimie chifu, umwambie koti lake linaonekana hata kwenye simu ndogo. Mama Nsimire umwambie kwamba machozi yake yalinifika. Joël umsalimie mwisho, umwombe azime injini anapotoa hukumu.

Ni mimi, kwa heshima na kwa uzima wa kutosha,

Marcellin Sumaili,
mwalimu wa darasa la sita.

Nyongeza. Nilikuwa nimeikunja barua hii nilipoitwa kwa simu ya jirani. Alikuwa Rosine. Jumapili, baada ya misa, Anastasie alikwenda mwenyewe nyuma ya soko, akasimama mlangoni, akamwambia afunge vitu. Rosine akamuuliza kama mwalimu amekubali kutorudi. Anastasie akamwambia: "Nani amesema? Kwa sababu anarudi ndiyo maana. Mutu ametembea miaka yote ile, atakuta nyumba ya baridi? Ingia, uwashe jiko. Akifika akute watoto na kelele." Wameingia wote watano. Chumba cha mbele kimeachwa kwa ajili yangu, lakini mtoto anayekohoa ndiye anayelala humo, kwa sababu hakuna upepo. Anastasie amesema mwalimu hatajali. Kitenge bado hajakifua: anasema Joël alikula kuku kwa tumbo lake mwenyewe, mwenye nyumba bado hajala.

Kwa hiyo lalamiko la sita limeanguka, na nikiwa mkweli, lilikuwa limeyabeba yale matano. Barua zangu nne hazikumwingiza Rosine katika nyumba ile. Uongo wako umemwingiza.

Na kuna ukurasa mmoja wa kile kitabu ambao sikuutaja hapo juu, kwa sababu unaivunja hoja yangu. Waingereza walikuwa na malkia aliyetawala miaka mingi, na kila mwaka siku aliyotwaa kiti walipiga kengele za makanisa. Alikufa, akazikwa, wote walijua. Miaka mingi baadaye, kuna vijiji vilivyokuwa bado vinapanda mnarani na kupiga kengele siku ileile, huku mfalme mwingine akisikia. Hawakuwa wajinga. Walijua kabisa hatatokea. Walikuwa wanakusanyika.

Basi usiniue. Acha kitendo cha mwisho kama kilivyo. Ngoma pia iache, kama watu wameizoea, ila kicheko cha Véronique nakidai. Joël aendelee kurudi kila msimu, akanyage vitenge, ale kuku.

Anastasie usimwambie neno la zaidi. Lakini wewe ndiye mtunzi, na mtunzi yampasa kuijua kweli hata kama hataiandika. Véronique amelala hapa, kwenye makaburi ya juu ya barabara, na nafasi iliyo kando yake nimeiombea kibali nikapewa. Mimi sitarudi.